iOS 7: Kitufe Kilipogeuka Neno

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kuona sura ya simu ikihakikiwa katika jarida la walimu wa Kiswahili. Hata hivyo, kiolesura, yaani sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa, ni matini kama matini nyingine: kina msamiati, kina alama na kina msomaji. Kwa mtazamo huo tunaihakiki iOS 7, mfumo wa uendeshaji wa simu za iPhone uliotolewa na kampuni ya Apple mwezi Septemba 2013.

Kabla ya hapo, kiolesura cha iPhone kilijengwa juu ya tashbihi. Programu ya madokezo ilifanana na daftari la karatasi za manjano, vitabu vilipangwa kwenye rafu ya mbao, na vitufe vilikuwa na kingo na vivuli kana kwamba vimeinuka. Jony Ive, aliyekabidhiwa usanifu wa kiolesura mwishoni mwa 2012, aliyaondoa mapambo hayo. Hoja yake ina uzito. Mwaka 2007 iPhone ilipoanza kuuzwa, kioo cha kugusa kilikuwa kigeni kwa wengi, na mgeni huhitaji mfano wa kitu anachokijua. Kufikia 2013 watumiaji walikwisha kuzoea. Tashbihi iliyochakaa huachwa, nasi hatuoni kosa hapo.

Kasoro ni kwamba pamoja na mapambo ziliondoka alama. Vitufe vingi vilipoteza kingo, vikabaki maneno matupu yenye rangi. Neno hili ni kichwa cha ukurasa au ni amri? Ilibidi msomaji akisie, mithili ya mwanafunzi aliyepewa aya isiyo na nukta. Hata kitufe cha herufi kubwa hakikudhihirisha kama kimewashwa au kimezimwa. Machi 2014, toleo la 7.1 liliongeza chaguo la kurudisha maumbo ya vitufe, lakini likawekwa katika mipangilio ya watu wenye mahitaji maalumu, kana kwamba kusomeka ni haja ya wachache. Ni iOS 9, mwaka 2015, iliyoanza kuonyesha herufi ndogo kwenye kibodi pale herufi kubwa zinapozimwa.

Jambo hili linatuhusu sisi walimu wa lugha. Umbo la kitufe likiondoka, sarufi ndiyo hubeba mzigo. Katika Kiingereza neno moja huweza kuwa nomino na kitenzi bila kubadilika. Kiswahili hutenganisha: "Tafuta" ni amri, "Utafutaji" ni jina, "Futa" hutenda, "Ufutaji" hutaja tu. Mfasiri wa programu anayechanganya maumbo haya humpotosha mtumiaji, na mguso mmoja usiokusudiwa waweza kufuta picha za miaka.

Mjadala haujafungwa. Mwaka 2025 Apple ilileta iOS 26, yenye vidhibiti vinavyopitisha mwanga kama kioo. Watumiaji wakalalamika kwamba maandishi hayasomeki vizuri, na toleo la 26.1 likaleta chaguo la kupunguza uwazi huo. Yaani urembo ulitangulia tena, na msomaji akafikiriwa baadaye.

Tunapendekeza basi kwamba wanafunzi wetu wa tafsiri wapewe pia matini za vitufe. Neno moja kwenye kioo hudai usahihi kuliko aya nzima, kwa sababu halina muktadha wa kulisaidia.