Nafsi ya Kwanza: Sauti ya Mwanamke kutoka Pamela hata Bibi Titi

Wahakiki wanaotazama sura ya mwanamke katika maandiko ya Kiingereza ya karne ya kumi na nane aghalabu huuliza kama amesifiwa au ameaibishwa. Swali hilo ni dogo. Lililo kubwa ni hili: anaposema "mimi", nani ameshika kalamu?

Daniel Defoe alitoa Moll Flanders mwaka 1722, na Samuel Richardson akatoa Pamela mwaka 1740. Hadithi zote mbili zasimuliwa na mwanamke, na zote mbili ziliandikwa na mwanamume. Richardson alikuwa mpiga chapa wa London. Wauza vitabu walimwomba atunge mifano ya barua za kuwafundisha watu wa kawaida, na katika kazi hiyo ikazuka hadithi ya mtumishi anayemkataa bwana wake mpaka bwana akamwoa. Basi Pamela alikuwa funzo kabla hajawa mtu, na alama ya asili hiyo haikufutika: kila anapohubiri wema twamsikia mpiga chapa. Lakini anapoyagawa mavazi yake mafurushi matatu, aliyopewa na marehemu bibi yake, aliyopewa na bwana, na yaliyo yake mwenyewe, mahubiri hunyamaza, na msichana maskini asimama mbele yetu akihesabu kilicho chake. Ukurasa huo wazidi thamani ya mawaidha yote ya kitabu.

Henry Fielding alimdhihaki Pamela kwa Shamela mwaka 1741, na mwaka huo huo Eliza Haywood akajibu kwa Anti-Pamela. Frances Burney, mwanamke mwenye kalamu yake mwenyewe, alitoa Evelina mwaka 1778 bila ya kutaja jina lake.

Jambo hili si geni kwetu. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma ya Bomba mjini Dar es Salaam, aliingia TANU mwaka 1955, mwaka ambao mgeni Mwingereza, John Hatch wa chama cha Labour, aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Baadaye alikuwa Mbunge wa Rufiji, hata aliposhindwa katika uchaguzi wa 1965. Maisha yake alimsimulia Susan Geiger, Mmarekani, ambaye kitabu chake, TANU Women, kilitoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1997. Hapa mambo yamegeuka: "mimi" ni wa mwanamke halisi, na mwandishi ni mwanamke pia, ila lugha ya kwanza ya ukurasa si ile iliyosemwa. Hata hivyo tofauti na Pamela yaonekana mara moja. Ndoa, iliyo taji la Pamela, kwa Bibi Titi si kilele cha hadithi. Ngoma na mkutano wa hadhara ndivyo vinavyoibeba.

Pengo liko kwingine. Geiger alikusanya masimulizi ya Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza. Jimbo lenyewe la Mbunge yule halisemi. Wanawake wa bondeni na wa delta, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kibiti, wakaao katika madungu kulinda mpunga, wapandao mlau maji ya mafuriko yapunguapo, wasukao mikeka ya ukindu, hawana nafsi ya kwanza katika kitabu hicho. Kisha, mwaka 1968 na 1969, wakulima wa bonde walihamishwa katika Operesheni Rufiji wakapelekwa vijiji vya mahali pa juu. Mama aliyeliacha dungu lake siku hizo alihesabu mafurushi gani?

Binti aliyekuwa na miaka kumi wakati ule leo akaribia sabini. Wanaisimu hufika Kibiti kuandika sarufi ya Kindengereko. Ingefaa wafuatane na mtu wa fasihi, masimulizi ya akina mama hao yakachapwa kwanza katika lugha waliyosemea, na tafsiri ikawekwa upande wa pili wa ukurasa.