Jina Moja, Ndege Wawili: Uhakiki wa Lugha ya Miongozo ya Ndege

Mwongozo wa utambuzi wa ndege huhesabiwa kuwa kitabu cha sayansi, hivyo ni nadra kuhakikiwa kama matini. Hata hivyo, una mtindo wake na msomaji wake aliyekusudiwa. Birds of East Africa, kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe kilichotoka mwaka 2002, ni mfano bora. Kinahusu spishi 1,388 za Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Picha zimewekwa ukurasa mmoja, maelezo na ramani ukurasa unaoukabili. Kwa utambuzi, ni kazi adhimu. Lakini majina yake ni ya Kiingereza na Kilatini, na msomaji wake ni mwenye darubini anayesafiri kutoka hifadhi hadi hifadhi.

Upungufu wa mkabala huo hauonekani Serengeti, unaonekana Kariakoo. Juu ya mapaa na majalala ya huko anatawala kunguru mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale taka, ambaye baadaye alienea Bara. Hula mayai na makinda ya ndege wengine. Yuko pia kunguru mwenyeji, mwenye kifua na ukosi mweupe. Katika usemi wa kila siku wa mjini wote wawili ni kunguru tu. Dar es Salaam imekwisha kushuhudia kampeni za kumpunguza kunguru mgeni kwa mitego na sumu. Tangazo linalosema “kunguru” pasipo kivumishi linamtia hatarini na mwenyeji.

Dai kwamba Kiswahili kimepungukiwa msamiati halina mashiko. Watu wa pwani hutofautisha pugi, tetere na ninga ndani ya jamii ya njiwa, na wanao chozi, shore na keremkerem. Kosa zito zaidi, kwa kuwa hutendwa kwa jina la Kiswahili chenyewe, ni la wanaounda istilahi kwa kufasiri Kiingereza neno kwa neno: hupatikana jina refu lisilotamkwa na yeyote, na ambalo halieleweki mpaka msomaji akumbuke asili yake ya kigeni.

Suala hili linagusa moja kwa moja msitu wa hifadhi wa Pugu-Kazimzumbwi, pembezoni mwa jiji, ambao ukataji wa miti kwa ajili ya mkaa umeula kwa miongo mingi. Mkaa huo hununuliwa na kaya za mjini. Mwongozo unaokusudia kuulinda msitu huo hauna budi kusomeka kwa mnunuzi huyo pia, siyo kwa mgeni wa siku moja pekee. Ndege wa kwanza kumwonyesha ni wale anaowaona kila asubuhi: kunguru wawili, ukurasa mmoja, kwa kipimo kimoja, kila mmoja na jina lake.