Kipembe Katikati ya Majani Mawili

Mvua ya kwanza ya Septemba ikishanyesha sawasawa huku Isingiro, mkoani Kagera, wewe hesabu siku tu. Wiki moja, pengine siku kumi, halafu asubuhi unafungua mlango na kukuta mibuni yote chini ya migomba imekuwa myeupe, kibanja kizima kinanukia asumini. Siku ya tatu maua yameshageuka kahawia. Aliyekwenda Murongo akalala huko ameyakosa.

Nimekulia ndani ya mibuni hiyo na sikuijua. Kwangu kahawa ilikuwa sare ya shule, daftari, na maganda yaliyoanikwa uani ambayo tulikatazwa kuyakanyaga. Aliyenifundisha kuitazama ni mzee jirani yetu, mpogoaji anayefuatwa na watu wa vijiji vya mbali. Siku ya kwanza hakunipa hata msumeno. Alinipa buni za kutafuna, zile zinazochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa, akasema: “Macho yasubiri kwanza, mwanangu. Lete kidole.”

Akakipeleka pale vikonyo vya majani vinaposhikana na tawi. Majani ya mbuni hutoka jozi, yakitazamana, na katikati yake pana kipembe cha kijani kilichochongoka, kidogo kuliko punje ya mchele. Kimoja upande huu, kimoja upande wa pili. Hicho ndicho kitambulisho cha ukoo wa mbuni. Mviru unacho. Mkwinini, uliotoka milima ya Amerika ya Kusini na ambao magome yake yalitibu malaria, unacho pia. Tangu siku ile kila kichaka ninachopita nakishika shingo kama askari anayekagua vitambulisho. Nadhani wapo wanaoamini nimerogwa.

Ukishajua ukoo, unaingia nyumba kwa nyumba. Robusta ina jani kubwa lenye mawimbi, na matunda yake madogo hujibana pamoja, yakiiva hubaki tawini yakikusubiri. Arabika ina jani dogo linalong'aa, na tunda lake likicheleweshwa huanguka. Arabika hujichavusha yenyewe. Robusta huikataa chavua yake, hutaka nyuki au upepo ulete ya mti mwingine. Ndiyo maana mzee hakubali shamba zima liwe na vipandikizi vya mama mmoja.

Kilichonichekesha nilikuja kukisoma baadaye: arabika, inayotamba kwa bei, ni mtoto wa robusta. Mzazi wake wa pili ni Coffea eugenioides, kichaka chenye majani membamba na kafeini kidogo, kinachoota porini katika misitu ya magharibi mwa Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo mashariki. Kila mzazi ana kromosomu 22, mtoto ana 44. Nilipomweleza mzee hakushangaa. “Mtoto wa mjini husahau kwao,” alisema, akaendelea kukata.

Na kukata kwenyewe ndiko kusoma. Ua la mbuni hukaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliopita, kwa hiyo tawi lililozeeka linakula tu. Mzee hulipitishia kidole, akaonyesha: hapa lilizaa mwaka juzi, hapa mwaka jana, hapa litazaa. Maotea hubakiza machache yaliyonyooka, mengine huyang'oa kwa mkono yakiwa bado laini. Panga lake huliosha kabla ya kuhama shamba, kwa sababu anaukumbuka mnyauko fuzari wa miaka ya 1990, ulioingia kupitia majeraha ya mti na kukausha robusta za Kagera zikiwa zimebeba. Anajua pia kuupima: kwangua gome la shina, ukiona rangi ya bluu nyeusi chini yake, mti huo ng'oa uuchome papo hapo.

Ufundi huu hauna cheti, na sokoni hauna bei. Chenye bei ni butura: mnunuzi anakuja wakati wa maua, anatazama weupe ule, anamlipa mwenye njaa pesa kidogo, na mavuno yanakuwa yake. Serikali imeikataza, na bado ipo. Mnunuzi huyo hajawahi kushika jani.

Basi ukipita Isingiro baada ya mvua za kwanza, usivunje tawi kwa ajili ya picha. Inama, lete kidole, tafuta kile kipembe.