Rezista Hairukwi kwa Waya

Kuna video ya fundi akitengeneza Toyota Land Cruiser FJ40, imezunguka kwenye simu wiki nzima. Kazi ilikuwa safi hadi dakika za mwisho, kisha ikaharibiwa na kipande cha waya.

Kwenye upimaji sina neno: betri, ethi ya bodi, moto wa plagi, taa ya kupimia kutoka swichi hadi koili, yote kwa mpangilio.

Dalili nayo ilikuwa wazi. Ukipiga stata injini inashika, ukiachia ufunguo inazima papo hapo. Anayeijua 2F, injini ya gari hilo, hana haja ya kufungua hata kifuniko cha distributa. Wakati wa stata koili hupata moto wa betri kwa njia ya pembeni. Ufunguo ukirudi, moto hupitia kwenye rezista. Gari likishika kwenye stata tu, mshukiwa wa kwanza ni rezista. Fundi alilijua hilo. Akaifungua, akaisogeza kwenye kamera, tukaiona kauri imepasuka katikati.

Halafu akaitupa, akachuna waya ncha mbili, akaunga dairekti. Injini ikanguruma, watu wakapiga makofi.

Makofi ya nini? Koili ya gari lile ina omu 1.5 hivi, na imetengenezwa ifanye kazi pamoja na rezista ya kiasi hichohicho. Jumla omu 3. Alternata ikitoa volti 14, pointi zinabeba chini kidogo ya ampia 5. Ukiondoa rezista zinabeba zaidi ya 9. Umeme umekuwa mara mbili, na joto ndani ya koili mara nne. Pointi zitaungua, upande mmoja utoboke shimo na wa pili uote kinundu. Koili itachemka, mwishowe ivuje mafuta. Gari litaanza kumisi likiwa limepata moto, likipoa linapona, na hapo mwenye gari atazungushwa: leo anunue kondensa, kesho plagi, keshokutwa kabureta ifunguliwe. Hakuna atakayekumbuka ule waya.

Nimelipigia kelele jambo hili miaka mingi na sitaacha. Ni ugonjwa uleule wa kufunga fyuzi kwa karatasi ya foili ya pakiti ya sigara: kifaa kilichowekwa kulinda ndicho tunachokitupa kwanza, kwa sababu gari linawaka bila hicho.

Tena hakuuliza rezista iliungua kwa nini. Mara nyingi ni dereva aliyeacha ufunguo umewashwa asikilize redio, injini imezimwa, pointi zimefunga, moto unapita saa nzima. Swali moja tu kwa dereva lingetosha.

Ukikwama porini, jioni imeingia, unga waya ufike mjini, sitakulaumu. Lakini yule alikuwa gerejini, mchana kweupe. Angeweza kuagiza rezista nyingine, au kuweka koili ya omu 3 isiyohitaji rezista ya nje. Njia zote mbili ni halali. Alichagua ya tatu.

Mlinganishe na Joginder Singh, dereva wa mbio za magari wa Kenya, aliyetokea kwenye gereji ya baba yake kabla ya kuwa bingwa. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda mbio za Safari Rally kwa Volvo PV544 lililokwisha kutumika, gari la pointi na koili kama haya yetu. Akarudia ushindi 1974 na 1976 kwa Colt Lancer. Sidhani mtu wa malezi yale angetoa gari gerejini likiwa na waya mtupu mahali pa rezista na kuita hiyo kazi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama FJ40 yako imepita kwa fundi hivi karibuni, washa swichi bila kuwasha injini, hakikisha pointi zimefunga, kisha pima volti kwenye chanya ya koili. Pima upesi, uzime. Ukisoma 6 au 7, rezista ipo kazini. Ukisoma 12, na koili yako si ya omu 3, umeungiwa dairekti: nunua rezista kabla hujasafiri.