Sinema ya Black Panther: Nguvu ni ya Kazi Gani?

Sisi wa Fizi na Baraka hatutazami sinema mara nyingi, na zinazotufikia huchelewa. Black Panther, filamu ya Ryan Coogler iliyotoka Marekani mwaka 2018, yastahili kupimwa vema na wazazi wakristu.

Mfalme T'Challa, aliyechezwa na marehemu Chadwick Boseman, anatawala Wakanda, nchi ya kubuniwa yenye madini ya ajabu. Nchi hiyo imejificha, huku majirani wakiteseka. Mpinzani wake, Killmonger, ataka kuwagawia silaha wanaoonewa.

Tunaisifu filamu kwa sababu adui huyu analalamikia maonevu ya kweli. Tunailaumu kwa sababu ufalme wagombewa kwa kupigana, na raia hawaulizwi neno. Kwetu Fizi, penye dhahabu ya Misisi, tumewaona wengi walioshika bunduki wakijiita waokozi wa watu.

Vijana huyapigia makofi mapigano. Wazazi, waonyesheni mwisho wake: T'Challa anafungua nchi yake na kuanzisha kazi ya msaada kwa maskini wa Oakland. Ushujaa wake uko hapo. Talanta iliyofukiwa chini haimfai mtu, hata ikilindwa na shujaa.