Bao kwa Asiyeona: Sheria ya Mchezo na Mazoea ya Baraza

Yapo maandishi mengi yanayolisifu bao kuwa ni mchezo wa akili wa watu wetu. Sifa hiyo ni ya haki, nasi hatuna nia ya kuipinga. Lakini katika masifu hayo mchezaji huchukuliwa siku zote kuwa ni mtu mwenye macho mazima na mikono myepesi. Asiyeona, au aliyepooza mkono, hutajwa kwingine, katika sura za elimu maalumu na misaada. Katika makala hii twataka kuuliza: je, ni bao lenyewe linalomkataa mtu huyo, au ni mazoea yetu ya kulicheza?

Na tuutazame ubao kwanza. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaliyopangwa katika safu 4 za mashimo 8, na kete 64, ambazo aghalabu ni komwe. Kete hizo hazina rangi ya kumtenga huyu na yule. Kete ni mali ya mwenye shimo. Katika drafti au sataranji mchezaji hana budi kujua kila kipande ni cha nani. Katika bao yatosha kujua kete ziko wapi na ni ngapi, na yote mawili kidole chaweza kuyajua. Zaidi ya hayo, lile shimo liitwalo nyumba, ambalo huanza mchezo likiwa na kete 6, mafundi wengi hulichonga kwa umbo la mraba, hali mengine ni ya mviringo. Mwenye kuona huliona kuwa ni pambo. Mkono upitao juu ya safu ya mbele hulitambua papo hapo, na kutoka hapo waweza kuhesabu mashimo hadi kichwa cha upande huu na cha upande ule. Shimo lenye kete 2 au 3 husomwa kwa mguso mmoja. Lenye kete 12 huhitaji subira. Hatusemi kwamba fundi alimkusudia asiyeona. Twasema kwamba kazi yake imekwisha kumfaa, na ni sisi tuliochelewa kuligundua jambo hilo.

Kizuizi basi kiko wapi? Kiko katika adabu za baraza. Mahali pengi mkono unaopapasa mashimo kabla ya kucheza huhesabiwa kuwa ni utovu wa adabu, hasa ukivuka kwenda upande wa mpinzani, na mwenye mkono huo hushukiwa kwamba anahamisha kete. Kwa mwenye macho hoja hiyo ina maana, kwa kuwa yeye ameshatazama. Lakini kumkataza asiyeona asiguse ni sawasawa na kumfunga mwenzake kitambaa usoni.

Wachezaji wa sataranji walikutana na tatizo hili hili zamani, na ufumbuzi wao wastahili kufundishwa darasani. Chama cha kimataifa cha wachezaji wasioona wa mchezo huo kiliundwa mwaka 1951. Katika ubao wao miraba myeusi imeinuliwa kidogo, kila mraba una tundu, kila kipande kina kijiti cha kuingia tunduni, na vipande vyeusi vina alama ya kutambulika kwa kidole. Hivyo ni vyombo tu. Lililo kubwa zaidi ni sheria. Kwa kawaida mchezaji wa sataranji aliyegusa kipande chake kwa nia ya kukicheza hana budi kukicheza. Kwa asiyeona, kipande huhesabiwa kuwa kimeguswa pale tu kinapong’olewa katika tundu lake. Aidha kila mchezo hutangazwa kwa sauti, naye mpinzani huurudia. Hapakuwa na kuhurumiana hapo. Neno “kugusa” lilipewa maana yake ya kweli, kwa sababu kidole kinachotafuta si kidole kilichoamua.

Bao nalo laweza kufanya vivyo hivyo bila kuharibika. Mpinzani amalizapo mzunguko wake, aseme alikoanzia, alichokula, na shimo alilolalia. Kisha asiyeona apewe nafasi ya kupitisha mkono juu ya safu zote 4, na kete ihesabiwe kuwa imechezwa pale tu inapotoka shimoni.

Kuhusu mchezaji asiyeweza kutumia mikono, hapa bao lina uzuri ambao haukusemwa vya kutosha. Akishataja shimo na upande wa kuelekea, mwendo wote unaofuata huamuliwa na sheria: kete husambazwa moja moja, ya mwisho ikiangukia penye nyingine mwendo huendelea au mtu hula, hadi kete ilale katika shimo tupu. Basi mkono wa kuazima waweza kusambaza bila kuchangia hata chembe ya akili. Ila pana mahali pamoja pa kuangaliwa sana. Wakati wa kunamua, mtu aliyekwisha kula, kete yake ya mwisho ikifika katika nyumba yake naye hana cha kula hapo, ana hiari ya kulala au kwenda safari. Hapo msaidizi hana budi kusimama na kuuliza. Msaidizi anayeendelea kwa kuwa “ni wazi atakwenda” amemnyang’anya mwenzake mchezo.

Drafti ya vijana wetu nayo isidharauliwe. Vifuniko vya chupa za soda, vya huyu vikilala chali na vya yule kifudifudi, vinatofautiana kwa kidole kuliko vipande vingi vya dukani vilivyopakwa rangi. Kasoro ni ubao wa mistari ya kalamu, usioshikika, na vifuniko vinavyoteleza. Vipande vya kadibodi vikigandishwa kwa gundi juu ya miraba isiyochezewa, kila kifuniko hupata shimo lake. Hiyo ni kazi ya alasiri moja katika darasa la ufundi.

Hatuwezi kuyasifu mabao madogo ya kukunja wauziwayo watalii, yenye mashimo ya kina kifupi ambamo kete humwagika kwa mguso mwepesi. Wala hatupendezwi na wazo la kumtengenezea asiyeona bao lake na kumweka nalo pembeni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, huzungumzia katika ibara ya 30 kushiriki utamaduni na burudani kwa usawa na wengine. Mwanafunzi anayeachwa darasani saa ya michezo, akisikia komwe zikigonga mti nje ya dirisha, hajashirikishwa, hata kama ripoti ya shule yasema vingine.

Limebaki suala la mwendo. Baraza hupenda bao la haraka, na anayechelewa hupigwa vijembe. Vijembe ni sehemu ya utamu wa mchezo, na pengine kiziwi, anayecheza bila kizuizi chochote ubaoni, hukosa hasa hivyo asipokuwapo mtu wa kumpa kwa Lugha ya Alama. Kidole huhesabu polepole kuliko jicho. Achekwe basi mchezaji asiyeona akicheza vibaya, kama wachekwavyo wengine wote, na wala asichekwe kwa kuhesabu.