Khati ya Ubao: Mwandiko wa Duksi za Garissa

Wahakiki wa maandishi ya Afrika ya Mashariki huitafuta khati nzuri Lamu, Pate na Siyu. Jambo hili halishangazi. Misahafu ya Siyu, pamoja na miswada ya tenzi iliyonakiliwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, imehifadhiwa maktabani, na mhakiki aweza kuirejea apendapo. Lakini tukielekea Garissa na sehemu zote za uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, twaambiwa kwamba Wasomali ni watu wa masimulizi tu. Dai hilo lina upungufu, nao unadhihirika tukiutazama ubao wa duksi.

Ubao huo, ambao Wasomali huuita loox, huandikwa kwa kijiti kilichochongwa na kwa wino wa makaa au masizi. Maalim humwandikia mtoto mdogo. Aliyeendelea huandika mwenyewe. Aya ikisha kuhifadhiwa moyoni, ubao huoshwa, ikaandikwa nyingine. Matumizi hayo ndiyo yanayotawala mtindo. Alama za irabu hutiwa zote, maana msomaji ni mtoto asiyeijua bado lugha aisomayo. Kijuma, kwa upande wake, mara nyingi alinakili kwa kuagizwa na wataalamu wa Ulaya, kama Alice Werner na William Hichens. Kazi yake ilikusudiwa kutazamwa na kuwekwa. Uzuri wa ubao ni wa kusomeka: pambo linalomchelewesha mtoto ni kosa.

Hata hivyo, tusiisifu khati hii kupita kiasi. Ilipotumiwa kuandika Kisomali ilielemewa. Kisomali huhitaji irabu tano, fupi na ndefu, ilhali alama za Kiarabu zabainisha tatu tu. Kiswahili nacho kilipata taabu iyo hiyo katika e na i, o na u. Osman Yusuf Kenadid alibuni hati ya Osmanya mnamo miaka ya 1920, lakini mwaka 1972 serikali ya Somalia ilichagua herufi za Kirumi. Khati ya ubao ikabakiwa na kazi yake ya asili, yaani mafunzo ya Kurani.

Ubao ukioshwa, mhakiki hubaki mikono mitupu. Akihitimisha kuwa hapakuwa na maandishi, ameihukumu maktaba yake, hakuihukumu jamii. Pwani, kombe huandikwa kwa zafarani katika sahani, likaoshwa na kunywewa. Wala hakuna asemaye kwamba kwa sababu hiyo Waswahili hawakujua kuandika.

Basi idara zetu, ambazo zimezoea kukusanya karatasi, hazina budi kuzipiga picha mbao hizi kabla ya kuoshwa, kwa idhini ya maalim, na kuinasa sauti ya mwanafunzi anayesoma. Maandishi ya ubao hayapotei majini. Huhamia katika sauti hiyo, na atakayeyahakiki bila ya kuisikia atakuwa amehakiki nusu.